Msaliti ama Shujaa? Stori ya Udjahorresnet, Daktari wa Misri Aliyehudumia Wafalme Wanne

Hebu jiweke hapa kidogo. Umechapa kazi miaka mingi, umepanda cheo mpaka mfalme mwenyewe anakujua kwa jina. Siku moja jeshi la kigeni linaingia nchi yenu. Mfalme wako anashikwa. Mtaani kwenu kuna maiti hazina hata sanduku la kuzikiwa. Kabla vumbi litulie, yule mdosi mgeni, yule yule amewachapa, anakuita. Anataka uwe daktari wake.

Unajibu aje?

Usiharakishe. Kuna jamaa alijipata hapo zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na mpaka leo wasomi wanabishana juu yake. Wengine wanasema aliuza nchi. Wengine wanasema bila yeye watu wake wangeumia zaidi. Jina lake ni Udjahorresnet. Najua, linavunja ulimi. Lisome polepole, Uja-hor-res-net, halafu twende.

Mtoto wa Sais

Udjahorresnet alikuwa mtu wa Sais, mji ulio upande wa magharibi wa delta ya Nile, pale mto unagawanyika kabla ya kuingia Mediterania. Siku hizi pale panaitwa Sa el-Hagar na ukifika utapata kijiji na mabaki tu. Lakini enzi zake Sais ilikuwa moto. Ndio ilikuwa nyumbani kwa mafarao wa nasaba ya 26, na ndio ilikuwa na hekalu la Neith, mungu wa kike ambaye Wamisri waliamini alimzaa Ra, mungu wa jua.

Mzae wake, Peftuauneith, alikuwa kuhani. Mathee aliitwa Atemirdis. Kwa hivyo jamaa hakutoka chini kabisa, alizaliwa karibu na hekalu na karibu na watu wenye nguvu.

Chini ya Farao Amasis, aliyetawala kutoka 570 hadi 526 KK, Udjahorresnet alishika vyeo kibao. Alikuwa mweka muhuri wa mfalme, mwandishi mkubwa, na pia msimamizi wa meli za mfalme. Yaani huyu msee alikuwa na kalamu, alikuwa na meli, na kama tutakavyoona, alijua mambo ya dawa.

Dawa za Misri hazikuwa mchezo

Kabla twende mbali, elewa kitu kimoja. Enzi hizo ukisema daktari wa Misri, dunia ilikuwa inasimama kusikiza.

Wamisri walikuwa wameandika mambo ya tiba kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla Udjahorresnet azaliwe. Kuna karatasi ya mafunjo inaitwa Ebers, ya mwaka 1550 KK hivi, yenye urefu wa karibu mita 20, imejaa dawa za tumbo, macho, ngozi, meno, kila kitu. Kuna nyingine inaitwa Edwin Smith, yenye kesi 48 za majeraha, kuanzia kichwani kushuka chini. Kidonda kinafungwa na asali, na sayansi ya leo imekubali asali inaua bakteria.

Hiyo ya Edwin Smith iko na kitu kimoja naipenda. Daktari akimaliza kuchunguza mgonjwa, anatakiwa kutoa uamuzi, na kuna aina tatu tu. Wa kwanza, huu ugonjwa nautibu. Wa pili, huu nitapambana nao. Wa tatu, huu hauna tiba. Hakuna kuzungusha mgonjwa. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyezuru Misri baadaye, alishangaa kwamba kila daktari huko alikuwa na sehemu yake. Wa macho ni wa macho, wa meno ni wa meno, wa tumbo ni wa tumbo. Ni yeye pia aliandika kwamba Cyrus, mfalme wa Uajemi, aliwahi kuomba Amasis amtumie daktari bora wa macho Misri nzima. Daktari mwenyewe akatolewa kwa bibi na watoto akapelekwa mbali, na kulingana na hiyo stori alikasirika mpaka akaanza kuchochea Waajemi dhidi ya farao. Stori iwe kweli ama porojo, inakuonyesha thamani ya hao madaktari. Walikuwa wanaombwa na wafalme kama dhahabu.

525 KK, mambo inaharibika

Cyrus alikufa, mtoto wake Cambyses akachukua kiti. Huyo Cambyses alikuwa anatawala dola kubwa kuliko zote dunia ilikuwa imeona, na kipande kikubwa kilichobaki karibu naye kilikuwa Misri.

Shida yake ilikuwa jangwa la Sinai. Utapitisha aje jeshi lote pale bila maji? Hapo akapata bahati. Phanes, mamluki Mgiriki aliyekuwa anapigania Amasis, alikosana na mdosi wake akahepa, akaenda moja kwa moja kwa Cambyses. Akamwambia aongee na mfalme wa Waarabu wa huko jangwani. Maji yakapatikana, jeshi likavuka.

Amasis naye akafa kabla vita vianze. Mtoto wake, Psamtik wa 3, akaachiwa nchi na adui akiwa mlangoni. Walikutana Pelusium, mji wa mashariki mwa delta. Herodotus anasema mamluki wenzake Phanes waliobaki upande wa Misri walichukua watoto wake, wakawachinja mbele ya macho yake kabla ya vita. Ilikuwa noma sana. Mwishowe Wamisri walishindwa, wakakimbilia Memphis, na Memphis ikaanguka. Psamtik wa 3 alikuwa amekaa kwa kiti kama nusu mwaka tu. Mwanzoni aliachwa hai, lakini baadaye alishikwa akipanga njama na huo ukawa mwisho wake.

Kumbuka Udjahorresnet alikuwa ofisa wa huyo huyo Psamtik. Meli za mfalme zilikuwa chini yake. Ghafla mfalme hayuko.

Kazi mpya

Mambo mengi tunayojua kuhusu maisha yake yanatoka kwa sanamu yake mwenyewe, imeandikwa maneno karibu mwili mzima. Sasa sikiza anavyosimulia: anasema kulitokea janga kubwa nchi yote, janga ambalo halijawahi kuonekana. Lakini hasemi nani alilileta. Hataji Pelusium. Hataji mfalme wake alishikwa. Anaruka hapo kama mtu anaruka mtaro.

Halafu anasema Cambyses alimfanya daktari mkuu, akamweka karibu naye na kumpa usimamizi wa kasri. Na akampa kazi moja nyeti sana: kumtungia majina ya kifalme.

Farao hakuwa anaitwa tu jina lake la nyumbani. Alikuwa na majina rasmi, na hayo ndio yalimfanya farao mbele ya miungu na mbele ya watu. Udjahorresnet akamtungia Cambyses jina Mesuti-Re, maana yake mzao wa Ra. Hapo ndio watu wengi wanamwita msaliti. Amechukua mvamizi, akamvalisha kofia ya Misri.

Lakini cheki vizuri. Ra alizaliwa na nani? Neith. Na Neith anakaa wapi? Sais. Ukimwita mfalme mgeni mzao wa Ra, umemfunga kamba kwa hekalu la kwenu bila yeye kujua. Sasa akiharibu Sais, anaharibu kwa nyanya yake.

Siku alipopiga ripoti

Baada ya vita, wageni walikuwa wamehamia ndani ya hekalu la Neith. Walijenga manyumba humo, wakaishi humo. Kwa Mmisri hiyo ni kama mtu aje ajenge choo kwa kaburi la babu yako.

Udjahorresnet akaenda kwa Cambyses akalia kilio chake. Angalia hatari hapo. Unaambia mfalme mshindi kwamba watu aliokuja nao ndio shida. Angeweza kupoteza kichwa.

Cambyses akakubali. Kulingana na sanamu, aliamuru wageni wote wafukuzwe hekaluni, manyumba yao yabomolewe, na uchafu wao wote utupwe nje ya ukuta. Hekalu likasafishwa. Makuhani na wafanyakazi wakarudishwa, mapato yakarudi, sherehe zikaanza tena. Halafu Cambyses mwenyewe akaja Sais, akalala kifudifudi mbele ya Neith na kutoa sadaka kama mafarao wa zamani.

Sasa linganisha na hii. Karatasi nyingine ya zamani inaonyesha Cambyses alipunguza mapato ya mahekalu mengi ya Misri. Herodotus anamchora kama kichaa, kwamba alitoa maiti ya Amasis kaburini huko huko Sais akaichoma, na akamdunga fahali mtakatifu Apis mpaka akafa. Hiyo ya fahali inatiliwa shaka sana, juu huko Saqqara walipata jeneza la mawe la Apis lenye jina la Cambyses, fahali akizikwa kwa heshima zote. Lakini hata tukitoa chumvi ya Herodotus, Misri ilikuwa imeumia. Sais ilipata nafuu juu kulikuwa na mtu wao ndani ya nyumba ya mdosi.

Na anasema hakuishia hekaluni. Alizika waliokosa jeneza. Alilea watoto wao. Aliwatetea wanyonge wakati janga lilikuwa limefika. Ndio, ni yeye anajisifu mwenyewe, na mtu akiandika sifa zake kwa jiwe, wewe soma na chumvi kidogo. Ila hiyo sanamu ilitengenezwa kuwekwa hekaluni, mahali makuhani wa Sais wenyewe walikuwa wanapita kila siku. Kudanganya mbele ya watu wanaojua ukweli si rahisi.

Ofisi ya kufa na kupona

Cambyses alikufa 522 KK akiwa Syria njiani kurudi. Baada ya vurugu, Darius akachukua kiti. Misri nayo ilikuwa na muasi anaitwa Petubastis, aliyejitangaza farao. Huyo ndio alichagua njia ile nyingine, ya kupigana. Uasi wake ulizimwa.

Udjahorresnet sasa ako upande wa mfalme wa nne. Alikuwa mbali na nyumbani, na Darius naye alikuwa Elam, sehemu ya kusini magharibi ya Iran ya leo. Usifikirie alikuwa anakula raha tu. Herodotus anasimulia kwamba Darius aliteguka kifundo cha mguu akishuka farasi. Madaktari wake walikuwa Wamisri, wenye sifa ya kuwa bora zaidi. Wakauvuta mguu kwa nguvu, wakauharibu zaidi. Siku saba mfalme hakulala. Mwishowe akaletwa mfungwa Mgiriki anaitwa Democedes, akamtibu polepole mpaka akapona. Wale madaktari Wamisri wakahukumiwa kuchomekwa kwenye miti iliyochongwa, na ni huyo Democedes aliwaombea msamaha wakaachiliwa.

Hiyo ndio ilikuwa mazingira ya kazi. Kosa moja, umeenda.

Na bado jamaa wetu hakutumia nafasi yake kuomba shamba ama dhahabu pekee. Darius alimtuma arudi Misri na kazi ya kufufua Nyumba ya Uhai, ambayo ilikuwa imeharibika. Anasema wageni walimbeba kutoka nchi moja hadi nyingine mpaka wakamfikisha Misri salama.

Nyumba ya Uhai ilikuwa nini? Fikiria maktaba, chuo cha udaktari na ofisi ya makuhani vikiwa chini ya paa moja, vikishikana na hekalu. Hapo ndio vitabu vilinakiliwa, dawa zilifundishwa, na elimu ya mababu ilipitishwa. Ikikufa hiyo, zile karatasi za miaka elfu zinabaki bila mtu wa kuzisoma. Mashujaa wa vita wangekufa na kuimbwa, lakini nani angejua tena kushona kidonda?

Akaifufua. Akaweka wanafunzi, akawapa walimu wanaojua kazi, akawapa vifaa vyote kama ilivyokuwa zamani. Anasema Darius alifanya hivyo juu alijua faida ya hiyo elimu katika kuponya wagonjwa.

Lakini kuna kitu kimenichoma

Kwa hiyo sanamu kuna kamstari kadogo ambako huwa nasimama kila nikikasoma. Anajisifu kwamba wanafunzi wote aliowaweka walikuwa watoto wa watu wakubwa. Na anaongeza kwamba hakukuwa na mtoto wa maskini hata mmoja kati yao.

Yeye anaona hiyo ni sifa. Mimi niliacha chuo katikati juu ya karo, kwa hivyo unaweza elewa kwa nini sikupiga makofi. Huyu ni mtu alilea mayatima, akazika maiti za watu wasio na kitu, halafu alipopata funguo za shule akafungia watoto wao nje. Labda alifikiri hivyo ndivyo dunia imeumbwa. Enzi zake wakubwa karibu wote walifikiri hivyo. Lakini ukihesabu mazuri yake, hii pia iandike.

Kaburi na sanamu

Alijitengenezea kaburi Abusir, karibu na Memphis, shimo lililochimbwa chini zaidi ya mita 20. Wachimbaji wa Kicheki wakiongozwa na Miroslav Verner walilifanyia kazi miaka ya 1980 na 1990. Walipata jeneza lake la mawe, lakini mwili haukuwa ndani. Wezi wa zamani walikuwa wamewatangulia.

Sanamu yenyewe iko Roma, kwa makumbusho ya Vatican. Haifiki hata mita moja. Ni ya jiwe zito la rangi ya kijani cheusi, amesimama ameshika nyumba ndogo ya mungu Osiris mbele yake. Mikononi ana bangili za mtindo wa Kiajemi. Kichwa kilivunjika, hakipo. Kwa hivyo mtu ambaye dunia inabishana kuhusu sura yake halisi hana sura. Tunabaki na nguo iliyojaa maandishi na bangili za mdosi.

Kwa hivyo, msaliti ama shujaa?

Ukiniuliza mimi, rudi kwa zile hukumu tatu za daktari. Udjahorresnet aliangalia nchi yake ikiwa imelala chini inavuja damu. Kusema anaitibu ingekuwa uongo, Waajemi hawakuwa wanaenda popote. Kusema haina tiba ingekuwa rahisi, angechukua mshahara wake anyamaze. Alichagua ile ya katikati, kupambana nayo. Akainama mbele ya aliyemshinda, na kila alipoinama akarudi na kitu: hekalu, mapato, jeneza la mtu, shule.

Bei yake ni kwamba alimpa mvamizi uhalali. Hiyo huwezi kuifuta. Kuna Wamisri walikufa wakipinga kile alichosaidia kujenga.

Lakini acha nikupe kitu cha mwisho, halafu uamue mwenyewe. Mwaka 404 KK Wamisri waliwafukuza Waajemi, na waliishi huru miaka sitini hivi. Ulikuwa wakati poa wa kuvunja sanamu za kila mtu aliyewahi kushirikiana nao. Sasa, huko Memphis kulipatikana kipande cha sanamu nyingine ya Udjahorresnet. Juu yake kuna maandishi ya kuhani wa karne ya 4 KK, anayesema aliipata imechakaa akaitengeneza, ili jina la huyo daktari mkuu liendelee kuishi. Anataja hata muda: miaka 177 ilikuwa imepita tangu enzi zake.

Miaka 177. Vizazi kadhaa vilikuwa vimepita tangu watu aliowahudumia. Walijua Waajemi ni nani na waliwachukia. Na bado kuna mtu alisimama mbele ya sanamu yake, akaona imeanza kuoza, akasema hapana, huyu tusimwache apotee.

Wewe ungemtengeneza, ama ungepita tu?